Kupuliza hewa juu ya mabawa hakufupishi njia ya Msalato

Ndugu Mhariri,

Safu ya sayansi ya gazeti lako imedai kwamba, kwa kuwa ndege zijazo zitapuliza hewa juu ya mabawa yake na kuruka kwa umbali mfupi, njia ya kurukia ya kilometa 3.6 kwenye uwanja wa ndege wa Msalato, hapa Dodoma, ni anasa. Teknolojia hiyo ipo. Hitimisho ndilo ninalolipinga.

Bawa huinua ndege mradi hewa ya juu yake iendelee kuufuata mgongo wa bawa. Rubani akiinua pua kupita kiasi, tabaka jembamba la hewa linalogusana na bawa, ambalo msuguano umekwisha kulipunguzia mwendo, hushindwa kusonga dhidi ya shinikizo linaloongezeka kuelekea nyuma, likabanduka. Watafiti huliona hilo kwa vipande vya uzi vilivyobandikwa juu ya bawa: hewa ikishika vizuri, nyuzi hulala kuelekea nyuma, ikibanduka, hutikisika ovyo na nyingine hugeukia mbele. Hapo nguvu ya kunyanyua huporomoka hata kama injini zinaunguruma barabara, jambo ambalo baadhi ya taarifa za ajali hulichanganya na injini kuzimika.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1904 Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza tabaka hilo na kuonyesha kwamba kulifyonza huchelewesha kubanduka. Baadaye ndege ya kivita F-104 ilipuliza hewa ya injini juu ya flapu zake, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua, ili kulirudishia tabaka hilo mwendo na ndege itue polepole zaidi. Mwaka 2015 NASA na Boeing walirusha Boeing 757 yenye vipulizi 31 mkiani, kila kimoja kikitoa mkondo unaoyumba huku na huku kwa sababu ya umbo la ndani tu, bila kipande kinachosogea. Nia ilikuwa kuupa mkia nguvu zaidi ya kugeuza ndege, ili siku moja uundwe mdogo na mwepesi. Ni ubunifu wa kupendeza mno, lakini haukuwa jaribio la kufupisha njia ya kurukia.

Tena hewa hiyo haipatikani bure: ikichotwa kwenye injini kuu, huzipunguzia nguvu wakati uleule wa kuruka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10, na joto la mchana wa Novemba huizidisha wepesi. Kwa hiyo injini hudhoofika kidogo na ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Isitoshe, njia lazima itoshe pia ndege iliyoghairi kuruka ikiwa kasi, na hapo kinachohitajika ni breki na umbali.

Naomba wahandisi wa Msalato wahukumiwe kwa ndege zitakazotua pale, ambazo mabawa yake bado hutegemea flapu za kawaida.

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma