Vaa kilti, mwanangu

Muheza, Novemba

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako bibi ameipokea, na amekujibu marahaba mara mbili, moja ya sasa na moja ya akiba. Anaendelea vizuri. Uvimbe wa mguu umepungua, chakula anakula, na jana alitaka mwenyewe atolewe akae barazani awaone wapita njia. Nitabaki naye hadi atakapoweza kusimama bila kushikwa, kwa hiyo Siku ya Mtakatifu Andrea, mlinzi wa Uskoti, mwaka huu utakuwa na baba yako peke yenu huko Glasgow.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Simu ya huku inakatikakatika, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa sauti ya nusu dakika, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Unasema mwenzako darasani amekwambia kilti, ile sketi ya mirabaraba ya wanaume wa Kiskoti, ni ya wenye koo zao, na kwamba wewe ukiivaa kwenye dansi ya shule utakuwa kama mtu wa maigizo. Unaniuliza kama una haki ya kuivaa.

Unayo. Vaa. Lakini nakujua hutosheki na jibu lisilo na sababu, hilo umelirithi kwa babu yako, basi nisikilize.

Tuanze na mwenye siku yake. Andrea alikuwa mvuvi wa Bethsaida huko Galilaya, ndugu yake Simoni Petro. Mapokeo yanasema alisulubiwa Patras, Ugiriki, kwenye msalaba wa mshazari, na ndio ule mweupe unaouona kwenye bendera ya buluu ya Uskoti. Uskoti yenyewe hakuikanyaga. Kwa simulizi za kale kilichofika ni mifupa yake michache, iliyopita baharini na mtawa aitwaye Regulus hadi pwani ya Fife, pale ulipo leo mji wa St Andrews. Kuna na ile simulizi ya Athelstaneford, mwaka 832, ya mfalme Óengus aliyebanwa na jeshi la Waangli. Akaomba, kisha akaona mawingu meupe yamejipanga kwa umbo la msalaba ule kwenye anga la buluu, akashinda vita. Wanahistoria wanaitilia shaka. Mimi naipenda, maana ni habari ya watu wachache waliozidiwa nguvu, waliotazama juu wakapata moyo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo nataka ulishike vizuri. Mwaka 1320 wakuu wa Uskoti walimwandikia Papa Yohane wa XXII barua iliyotoka Arbroath, wakitetea kwamba wao ni taifa huru, si mali ya mfalme wa Uingereza. Humo wanamtaja Andrea, ndugu wa Petro, kuwa ndiye mlinzi wao. Na humohumo wanaeleza asili yao wenyewe: wanasema wazee wao walisafiri kutoka Scythia, wakapita baharini, wakakaa Hispania, ndipo wakafika Uskoti. Taifa linasimama mbele ya dunia kudai haki yake, na maneno yake ya kwanza ni kwamba wazee wetu walikuja kutoka mbali. Habari hizo za Scythia ni hadithi, sawa, lakini ndivyo walivyopenda wajulikane. Basi mwenzako akikwambia wewe si Mskoti kwa kuwa wazazi wako walikuja kutoka kwingine, ajue anabishana na barua ambayo nchi yake inajivunia kuliko zote.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema Andrea wa Injili ya Yohana hana hotuba hata moja. Kila akitokea, yeye ndiye analeta mtu. Anamleta ndugu yake. Anamwonyesha mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili. Wayunani wanapokuja wakitaka kumwona Yesu, Filipo hajui afanye nini na hao wageni, anakwenda kwanza kumwambia Andrea. Babu alisoma Minaki, enzi hizo ikiitwa St Andrew's College, shule ambayo mizizi yake ni Kiungani, Unguja, kwa wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana. Na UMCA hiyo ilizaliwa kutokana na wito alioutoa Livingstone, Mskoti wa Blantyre, kule Cambridge mwaka 1857. Jina la Andrea lilikuwa nyumbani kwetu kabla mimi sijajua Uskoti iko upande gani wa ramani. Kwao baba yako ni hivyohivyo: hospitali ya Tumutumu aliyozaliwa ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland. Hata Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, na mwenyewe alisema huko ndiko falsafa yake ya siasa ilikokomaa. Hukuokotwa njiani, mwanangu. Nchi hizi zinajuana siku nyingi, kwa mema na kwa mabaya.

Mabaya nayo uyajue, nisije nikakupa nusu ya habari. John Kirk aliyekuwa konseli wa Uingereza Unguja mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, alikuwa Mskoti aliyezaliwa Barry, si mbali na Arbroath hiyohiyo. Lakini mitaa unayopita kila Jumamosi pale katikati ya Glasgow, Buchanan, Glassford, Ingram, ina majina ya wafanyabiashara wa tumbaku, na tumbaku ile ililimwa na watumwa. Jamaica Street inajieleza yenyewe. Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2019 kiliahidi paundi milioni 20 katika mradi wake na Chuo Kikuu cha West Indies baada ya kuchunguza faida kilizopata kutokana na utumwa, na mwaka 2022 halmashauri ya jiji iliomba radhi. Naiheshimu nchi inayofungua daftari lake hadharani. Ukivaa kilti unavaa na daftari hilo, na Mskoti mweupe anayeivaa vilevile. Hapo hamna tofauti.

Kuhusu vazi lenyewe, huyo mwenzako hajaisoma historia yake. Kilti ilikuwa vazi la watu wa milimani, kaskazini. Baada ya watu hao kushindwa na jeshi la serikali katika vita vya Culloden, ikapigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, na marufuku ikaondolewa 1782. Mfalme George wa IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga mapokezi, akataka mabwana wavae kitambaa cha mirabaraba, na hata watu wa kusini, ambao babu zao waliwaona wa milimani kama washenzi, wakaanza kuona fahari kulivaa. Rangi nyingi zinazoitwa za ukoo fulani zilipangiliwa karne hiyo ya 19. Siku hizi kuna daftari rasmi la tartani, yaani mirabaraba hiyo, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mpya zinaandikishwa kila mara. Masingasinga wa Uskoti wanayo yao, Waislamu wanayo yao.

Tazama kanga ya bibi yako. Inasemekana ilianza kwa leso za Wareno zilizounganishwa, ikachapishwa miaka mingi Ulaya, India na Japani, ikaja huku kwa majahazi na meli za wafanyabiashara. Nani atathubutu kumwambia bibi, akiwa amejifunga moja na kujitanda nyingine, kwamba kanga si yake? Vazi huwa lako kwa kuishi nalo, kuolewa nalo, kuzikia watu ukiwa umelivaa.

Na wewe umeishi na mambo ya Uskoti. Mimi nimekuona. Tangu shule ya msingi, kila Disemba ikikaribia, mnapangwa kwenye ukumbi wa michezo mfundishwe densi za keili, zile za kijadi za Uskoti, wavulana wakiwa wamekunja sura kwa kuona haya kushika mikono ya wasichana. Nakumbuka ile inayoitwa Strip the Willow: mistari miwili inatazamana, wa kwanza wanazungushana katikati, kisha msichana anashuka akimpokea kila mvulana wa mstari kwa mkono, anazungushwa, anarudi kwa mwenzake, anazungushwa tena, anashikwa na mwingine, mpaka mwisho wa mstari. Ukikosea mkono, wote mnaanguka. Wewe ulikuwa hukosei, na uliwashika wadogo wasiruke ukutani. Hakuna aliyeuliza mkono ule ni wa ukoo gani.

Tena nataka ukumbuke tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi. Ulikuwa mdogo, lakini baba yako alikwambia. Gari la idara ya uhamiaji liliingia Kenmure Street, Pollokshields, kuwachukua wanaume wawili. Majirani wakatoka nje. Mmoja akaingia chini ya gari akalala hapo. Mia kwa mia wakakaa barabarani, saa baada ya saa, wakiimba kwamba hawa ni majirani zetu, waachieni. Wengine waligawa maji na chakula. Jioni polisi waliwafungulia wale wawili wakatoka. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikilia bila kuficha, na bibi mmoja mwenye lafudhi nzito ya Glasgow, ambaye sikumjua wala hakunijua, alinishika bega. Ukinitaka nikuonyeshe Mskoti ni nani, nitakupeleka mtaa ule.

Wala siku ya Andrea yenyewe haijaachiwa wenye damu fulani. Mwishoni mwa kila Novemba shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uskoti huandaa maandamano ya kupinga ubaguzi hapo Glasgow, kwa jina la siku hii. Bunge lao liliipa siku hadhi ya mapumziko kwa sheria ya mwaka 2007, ingawa waajiri hawalazimiki kufunga, na baba yako mwaka huu ana zamu kama kawaida. Na mwaka 2014, kura ya kuamua kama Uskoti ijitenge ilipopigwa, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi huko waliruhusiwa. Nilipanga foleni na majirani zangu nikiwa na pasipoti ya Tanzania mkobani. Nilipiga kura ya nini ni siri yangu. Ila watu walioniamini na jambo zito kuliko yote ya nchi yao, siwezi kukubali mtoto mmoja wa darasani aseme mwanangu haaminiki na sketi ya sufu.

Usigombane naye lakini. Inawezekana naye amesikia tu nyumbani. Mwalike mcheze mstari mmoja.

Mtakatifu Andrea hakukufanya uwe Mbondei au Mkikuyu pungufu, na wala usikubali mtu akupimie mafungu, huyu robo, yule nusu. Kwa bibi yako wewe ni mjukuu mzima. Kwa Glasgow wewe ni mtoto wa Glasgow mzima. Hivyo viwili havigombanii nafasi ndani yako isipokuwa ukiwaruhusu watu wavigombanishe.

Sasa mambo ya kazi. Dukani watakuuliza unataka tartani gani. Zipo ambazo mtu yeyote huvaa bila kuulizwa ukoo, na Royal Stewart nyekundu ni mojawapo, itakupendeza. Ile ya kijani iliyoiva na buluu iitwayo Black Watch nakuomba uiache. Hata hiyo iko wazi kwa wote, lakini ni ya kikosi cha jeshi la Uingereza kilichopigana Kenya 1953 hadi 1955, wakati wa Mau Mau, na kwao baba yako ni Nyeri. Hatakukataza. Mwulize mwenyewe jioni moja mkiwa mmetulia, ana mengi ya kukwambia.

Mikunjo inakaa nyuma, upande laini mbele, na upindo uguse katikati ya goti, usishuke kama gauni. Pini ichomwe kwenye kipande cha juu peke yake, ukiishikiza na cha chini utachana kitambaa na utalipishwa. Pesa ya kukodi nimemwachia baba yako kwenye bahasha, pamoja na ya viatu. Soksi nene ziko kwenye droo yako ya pili. Bibi anataka picha, ya mbele na ya nyuma, na amesema uipige ukiwa umesimama wima, si mmeinamiana kama mnavyopiga siku hizi. Nitumie usiku huohuo, hata kama ni saa nane za huku, nitakuwa macho.

Nakupenda,
Mama