Kodi iliyojificha ndani ya bili ya umeme

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu anayetetea majiji yanayochota fedha kutoka mashirika yao ya umeme ili kuziba pengo la bajeti. Hoja yake ni fupi: shirika ni mali ya jiji, faida yake ni ya jiji, sasa malalamiko ni ya nini? Nimekaa nayo siku kadhaa kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowafanya watu waimeze ile nyingine bila kuitafuna.

Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa hesabu, kisha mhasibu, katika shirika la umeme linalomilikiwa na manispaa. Kwenye kitabu cha bajeti cha manispaa, fedha zilizotoka kwetu zilikuwa mstari mmoja tu upande wa mapato, umebanwa katikati ya faini za maegesho na ada za leseni: "Uhamisho kutoka Umeme". Kwenye vitabu vyetu, kiasi hichohicho kilikaa upande wa matumizi. Kila mwaka mistari mingine iligombewa. Mafuta ya magari yalipunguzwa, posho za usiku za mafundi zikakatwa, nguzo mpya zikaahirishwa. Mstari wa uhamisho haukuguswa hata mara moja. Ulitufikia umeshaandikwa, sisi tukaambiwa tupange vilivyobaki kuuzunguka.

Nianze na nusu iliyo kweli. Kampuni binafsi ingekuwa inauza umeme mjini, ingelipa kodi ya majengo na mitambo yake, na wenye hisa wangepewa gawio. Jiji linalomiliki shirika lake halipati kodi hiyo, kwa hiyo si dhambi likidai kiasi kinacholingana nayo. Kuna na jambo jingine ambalo wapinzani wa uhamisho huu hawapendi kulitaja: majengo mengi makubwa yamesamehewa kodi ya majengo, yakiwemo ya serikali na nyumba za ibada, ila yote yanatumia umeme. Kupitia bili, nayo yanachangia barabara na zimamoto.

Mfano wa kulifanya jambo hili kwa uwazi upo. Jijini Munich, Ujerumani, shirika moja la jiji linauza umeme na hapohapo linaendesha treni za chini ya ardhi, tramu, mabasi na mabwawa ya kuogelea. Kwa miaka mingi faida ya nishati imekuwa ikifidia hasara ya usafiri. Utaratibu huo una jina lake na umetambuliwa hadi kwenye sheria ya kodi ya nchi. Mtu anaweza kuupinga, lakini hawezi kusema amefichwa.

Sasa tuangalie kesi ya Redding, mji wa California, Marekani, ambayo ningependa kila diwani aisome. Mji huo ulikuwa ukichukua kutoka shirika lake la umeme kiasi kilichokokotolewa kama kodi ya mali, yaani asilimia 1 ya thamani ya rasilimali za shirika. Mwaka 2010 wapiga kura wa jimbo walipitisha kanuni kwamba tozo ya serikali inayozidi gharama halisi ya huduma ihesabiwe kuwa kodi, na kodi ya aina hiyo lazima ipigiwe kura. Wananchi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliupa mji ushindi. Ukisoma kichwa cha habari tu utadhani uhamisho umebarikiwa. Sababu ya hukumu ndiyo yenye uzito: shirika lilikuwa na mapato mengine, hasa ya kuuza umeme wa jumla kwa mashirika mengine, na mapato hayo yalitosha kuulipia uhamisho. Kwa hiyo bei aliyotozwa mteja wa nyumbani haikuzidi gharama ya kumhudumia. Mahakama iliuliza fedha hizo zimetoka wapi hasa. Katika miaka yangu yote 19 sikuwahi kumsikia diwani akiuliza swali hilo kwenye kikao cha bajeti.

Nusu ya pili, isiyo kweli, imejificha ndani ya neno "faida". Shirika la umeme hununua au kuzalisha umeme, na mara nyingi hiyo ndiyo gharama yake kubwa kuliko zote. Linalipa mishahara, linalipa riba za mikopo ya kujengea njia za umeme. Kinachobaki mkononi mwishoni mwa mwaka kinaonekana kama faida, na meya mwenye pengo la bajeti hukiona hivyo. Lakini nyaya, nguzo, mita na transfoma zinazeeka kila siku, iwe shirika limetenga fedha za kuzibadilisha au halijatenga. Usipotenga, hesabu inapendeza, kwa sababu gharama ya uchakavu hailetewi ankara na mtu yeyote.

Nilikiona hiki kwa macho. Mtaa mmoja ulikuwa na transfoma juu ya nguzo, na chini yake doa jeusi la mafuta lililokuwa likishuka kwenye nguzo mwaka hadi mwaka mpaka likafika usawa wa kichwa cha mtu. Mafuta hayo hayakuwekwa mle kwa mapambo. Ndiyo yanayoipoza transfoma na kuzuia umeme usiruke kutoka sehemu moja hadi nyingine. Yakipungua, joto linapanda, tabaka la kuzuia umeme linaungua, na mwisho ni mlipuko. Fundi wa zamu aliandika "inavuja" kwenye daftari la ukaguzi, akaandika tena mwaka uliofuata, na tena. Maombi ya kuibadilisha yalipita mezani kwangu mara tatu. Kila mara kasma (fungu la bajeti) ya matengenezo ilikuwa imepunguzwa ili uhamisho utimie. Ilipolipuka ilikuwa usiku. Mtaa mzima ulikaa siku nne gizani, na tulinunua nyingine kwa dharura, kwa bei ambayo hakuna mnunuzi mwenye nafasi ya kusubiri angeikubali. Mimi ndiye niliyeandaa malipo. Kwenye kitabu cha bajeti cha manispaa mwaka ule, mstari wa uhamisho ulisomeka vizuri: lengo limefikiwa kwa asilimia 100.

Msomaji wenu anasema nyongeza ya bei ni ndogo na inagawanywa kwa wote. Inagawanywaje? Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo majiji mengi yanaelekea, kwa sababu tozo ya kila mwezi isiyobadilika ni rahisi kukusanya na haitegemei mteja ametumia kiasi gani. Chukua nyumba mbili. Moja inatumia uniti 60 kwa mwezi, nyingine uniti 600, na kwa urahisi wa hesabu kila uniti iuzwe kwa 1. Jiji likiongeza tozo ya 10 kwa kila mita, bili ya kwanza inatoka 60 hadi 70, karibu asilimia 17. Bili ya pili inatoka 600 hadi 610, haifiki hata asilimia 2. Fedha zilizoingia kwenye hazina ya jiji ni sawa kwa sawa, ila mwenye balbu tatu amebeba mzigo mara kumi ya mwenye viyoyozi ukiupima kwa bili yake. Ingekuwa kodi ya majengo, mwenye jumba angelipa zaidi ya mwenye chumba, na kila mtu angekubali kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sisemi tozo isiyobadilika haina haki. Waya unaofika nyumbani kwako una gharama hata ukisafiri miezi mitatu, na mwenye paneli za jua bado anautegemea mtandao uleule usiku. Tozo inayolipia waya na mita naiunga mkono. Ninayoipinga ni ile inayojiita ya waya huku ndani yake kumefichwa mshahara wa idara ya bustani. Jiji la Johannesburg, Afrika Kusini, lilipoanza Julai 2024 kuwatoza wateja wa nyumbani wa malipo ya kabla randi 200 kwa mwezi kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, hasira za watu zilikuwa kubwa, na nadhani nyingi zilitokana na kutokujua sehemu ipi ni ya waya na sehemu ipi ni ya mengineyo.

Afrika Kusini inatufundisha pia upande wa pili wa jambo hili. Katiba yao, kifungu cha 229, inaziruhusu manispaa kuongeza tozo juu ya ada za huduma, na nyingi hununua umeme kutoka Eskom, shirika la umeme la taifa, na kuwauzia wakazi. Kufikia Machi 2024, deni la manispaa kwa Eskom lilikuwa limepita randi bilioni 70. Sababu ziko nyingi, wakiwemo wateja wasiolipa na wizi wa umeme. Lakini manispaa ikishazoea kuiona fedha ya umeme kama fedha ya matumizi yoyote, ni rahisi sana mshahara ulipwe kwanza na muuzaji wa umeme asubiri. Na anayeumia ni mkazi aliyelipa bili yake kwa wakati.

Tena kuna majiji yanayochota kwa mkono mmoja na kukwepa kulipa kwa mkono wa pili. Taa za barabarani, pampu za maji, ofisi za idara, vyote vinatumia umeme na vyote vina mita, lakini bili zake zinalala kwenye mafaili. Nilikuwa na faili la namna hiyo, nene kiasi kwamba tulilifunga kwa kamba. Ukijumlisha uhamisho, bili zisizolipwa, na "huduma za pamoja" za wanasheria na rasilimali watu ambazo jiji hulitoza shirika kwa kiwango linachojipangia lenyewe, unapata kiasi ambacho hakionekani kwenye mstari wowote.

Na wapo wateja wanaokaa nje ya mpaka wa jiji lakini wanahudumiwa na shirika la jiji. Wanalipa bei ileile, uhamisho ukiwemo, na hawampigii kura diwani hata mmoja. Barabara inayotengenezwa kwa fedha yao haifiki kwao. Hawa sijui msomaji wenu angewajibu nini.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria ngumu. Kwanza mpangilio wa vikao ubadilike. Leo bajeti ya jiji hupitishwa ikiwa tayari imehesabu fedha za umeme, kisha wiki kadhaa baadaye wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bei za umeme. Wakati huo maoni yao hayana pa kuingia, kwa sababu bei ikikataliwa bajeti inaanguka. Kiasi cha uhamisho kijadiliwe peke yake, mapema, na kwa kanuni iliyoandikwa: asilimia fulani ya mapato, au kiasi kinacholingana na kodi ambayo kampuni binafsi ingelipa, chenye ukomo ambao meya hawezi kuupandisha mwaka wa shida. Fedha za matengenezo na za kubadilisha vifaa vilivyochakaa zitengwe kabla ya uhamisho, zisiwe makombo yake. Jiji lilipe bili zake kama mteja mwingine yeyote. Na kwenye kila bili pawe na mstari unaosema wazi: kiasi hiki kimekwenda kwenye mfuko mkuu wa jiji.

Diwani mmoja aliwahi kuniambia kwamba mstari huo ukiwekwa, watu watafurika ofisini na maswali, na mwisho wake jiji litalazimika kupandisha kodi ya majengo. Huenda. Basi wapandishe, wasimame mbele ya wenye majengo na kuwaeleza kwa nini, kama wanavyolazimika kueleza kila kodi nyingine. Mwenye chumba kimoja hana sauti ya kumtisha meya, lakini hiyo haimfanyi awe mtu sahihi wa kulipishwa.

Kwenu wahariri nina ombi. Kila msimu wa bajeti, chapisheni takwimu mbili bega kwa bega, za miaka kumi: kiasi ambacho jiji limechukua kutoka shirika la umeme, na kiasi ambacho shirika limetumia kubadilisha transfoma na nyaya zilizochakaa. Zote mbili zipo kwenye vitabu vya hesabu zilizokaguliwa. Mwandishi wenu akishindwa kuzipata, nitamwonyesha ukurasa.

Mhasibu mstaafu