Mchezaji asilazimishwe kuhojiwa, ila klabu isimzibe mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitofautiane na wapenzi wenzangu wa michezo ambao, kila timu kubwa inapofungwa na wachezaji wake wakapita mbele ya waandishi bila kusema neno, hudai itungwe kanuni ya kumtoza faini mchezaji yeyote atakayekataa kuhojiwa. Hoja yao naielewa. Shabiki amelipa kiingilio, au amelipia king'amuzi mwezi mzima, na anaona ana haki ya kumsikia aliyekosa penalti akieleza kwa nini aliipiga vile. Hata hivyo, naona wamemkaba mtu asiyestahili kukabwa. Wajibu wa kutoa maelezo ni wa klabu, yaani kocha wake na viongozi wake. Mchezaji abaki na hiari ya kuzungumza au kunyamaza, na kwetu Tanzania hiari hiyo imeminywa zaidi upande wa kuzungumza kuliko upande wa kunyamaza.

Wanaotaka faini hupenda kutaja mifano ya nje, basi na tuitazame. Mwishoni mwa Mei 2021, Naomi Osaka wa Japani, ambaye wakati huo alikuwa wa pili kwa ubora duniani katika tenisi ya wanawake, alitangaza kabla ya mashindano ya Roland Garros jijini Paris kwamba hatahudhuria mikutano na waandishi wa habari, kwa sababu ya jinsi mikutano hiyo inavyowaumiza wachezaji kiakili na kuwatia shaka juu ya uwezo wao. Alishinda mechi yake ya kwanza, hakuingia kwenye chumba cha mkutano, akatozwa faini ya dola 15,000, na waandaaji wa mashindano yote manne makubwa ya tenisi wakatoa tamko la pamoja wakimwonya kwamba akiendelea anaweza kutozwa faini kubwa zaidi na hata kuondolewa mashindanoni. Siku iliyofuata alijitoa mwenyewe, akaeleza kwamba tangu aliposhinda mashindano ya Marekani mwaka 2018 amekuwa akisumbuliwa na vipindi virefu vya sonona. Mashindano yakampoteza mmoja wa wachezaji waliokuwa wakiwavutia watazamaji kuliko wote, na waandishi ambao kanuni ilidai kuwalinda wakabaki na viti na vipaza sauti bila mtu wa kumuuliza.

Kuna waliosema wakati ule kwamba Osaka alikuwa tajiri anayedeka. Sikubaliani nao, lakini hata tukiwakubalia, bado wanapaswa kutueleza faini inamtoa nini mtu asiyetaka kusema. Januari 2015, katika siku ya waandishi kabla ya fainali ya ligi ya kandanda ya Kimarekani, Marshawn Lynch wa Seattle Seahawks, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ametozwa dola 100,000 kwa kuwakwepa waandishi, alifika, akaketi, na kila alipoulizwa swali akajibu kwamba yuko pale ili tu asitozwe faini. Alilirudia jibu hilo zaidi ya mara 20, kisha akaondoka. Kanuni ilitimizwa kikamilifu, na hakuna aliyejua baada ya mkutano ule jambo lolote kuhusu mchezo ambalo hakulijua kabla yake.

Nisieleweke vibaya kana kwamba nadhani waandaaji wa mashindano hawana akili. Wanajua wanachofanya, ila wanachokilinda kwa sehemu kubwa ni biashara. Nyuma ya mchezaji anayehojiwa huwekwa bango lenye nembo za wadhamini, na mezani mbele yake huwekwa vinywaji vya wadhamini. Ndiyo maana Juni 2021 jijini Budapest, Cristiano Ronaldo aliposogeza pembeni chupa mbili za Coca-Cola na kuinua chupa ya maji, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilizikumbusha timu kwamba zina wajibu kwa wadhamini. Sioni ubaya wa biashara hiyo, kwa kuwa ndiyo inayolipa mishahara. Naomba tu tusiivike joho la haki ya umma kupata habari, kwa sababu haki hiyo ni jambo zito, na inadaiwa kwa wenye mamlaka. Mbunge, waziri na rais wa shirikisho wanaamua mambo kwa niaba yetu, kwa hiyo wanawiwa majibu nasi. Kijana wa miaka 20 anayecheza beki wa kushoto hajaamua jambo lolote kwa niaba yangu.

Tena ukimlazimisha mtu kuketi mezani, unamlazimisha pia kukabiliana na swali lolote litakaloletwa. Katika Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2023, nahodha wa Morocco, Ghizlane Chebbak, aliketi kwenye mkutano rasmi wa kabla ya mchezo wao na Ujerumani, na mwandishi wa BBC akamuuliza kuhusu maisha ya faragha ya wachezaji wenzake, swali ambalo jibu lake, kwa sheria za nchi yao, lingeweza kumletea mtu matatizo makubwa. Msimamizi wa FIFA ilibidi aingilie kati, na baadaye BBC yenyewe ilikiri kwamba swali halikufaa. Nahodha yule alikuwa pale kwa sababu taratibu za mashindano zilimtaka awe pale, na bado wapo wanaosema anayekereka na swali angeweza kuinuka tu na kuondoka.

Sasa nije kwetu, ambako ndiko hasa barua hii inakotaka kufika. Katika Ligi Kuu, timu hutakiwa kuleta wawakilishi wake kwenye mkutano na waandishi kabla ya mchezo, na makocha hutakiwa kuzungumza na wenye haki za matangazo. Klabu zinazokaidi zimekuwa zikitozwa faini na ile kamati ya uendeshaji wa ligi ambayo mashabiki tumeizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72. Utaratibu huo nauunga mkono, kwa sababu faini inamwangukia anayestahili, yaani klabu. Azam Media iliposaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya haki za matangazo, fedha hizo zilipangwa ziende kwa klabu na wasimamizi wa ligi, na ni haki kabisa kwamba wanaozipokea wajitokeze kueleza kilichotokea uwanjani. Kocha aliyepanga kikosi aeleze alivyokipanga. Mwenyekiti aliyemfukuza kocha wiki mbili kabla ya mechi ya watani atoke aeleze naye, maana huyo ndiye hukimbia kamera kuliko winga yeyote.

Lakini upande wa pili hausemwi. Klabu nyingi hapa nchini hazimruhusu mchezaji kuzungumza na mwandishi bila idhini ya uongozi, na nafasi yake imechukuliwa na msemaji. Sina chuki na wasemaji. Ni watu wachangamfu, wanajaza viwanja, na tambo zao zimekuwa sehemu ya utamu wa soka letu. Msemaji Haji Manara alipohama kutoka Simba kwenda Yanga mwaka 2021, uhamisho wake ulizungumzwa kana kwamba amehama mfungaji bora, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutokea katika ligi nyingine yoyote duniani. Matokeo yake ni kwamba shabiki wa kawaida anaitambua sauti ya msemaji hata akiisikia gizani, ilhali anaweza kumshangilia kiungo wake msimu mzima bila kumsikia akitamka sentensi mbili mfululizo. Mchezaji huyo akifanya vibaya, msemaji hutoa sababu. Akiumia, msemaji hutangaza atakuwa nje kwa muda gani, na akigombana na klabu kuhusu mkataba, msemaji huyohuyo, anayelipwa na klabu, ndiye husimulia ugomvi wenyewe.

Sakata la mkataba kati ya kiungo Feisal Salum na klabu yake ya Yanga, lililoanza Desemba 2022, lilituonyesha hali hiyo waziwazi. Kwa miezi kadhaa tulisikia viongozi, wanasheria, wachambuzi wa redio na kila mwenye simu ya kujirekodi, na mashabiki wakagawanyika kati ya wanaomwita msaliti na wanaomwita mnyonge, wakati maneno ya mchezaji mwenyewe yalikuwa machache mno kulingana na kelele zilizomzunguka. Jambo hilo lilifika hadi Ikulu, ambako Rais Samia Suluhu Hassan, Juni 2023, aliitaka klabu ilimalize, na siku chache baadaye mchezaji akaenda Azam. Siandiki haya kuamua nani alikuwa na haki. Nauliza tu kama ingehitajika kwenda mbali kiasi kile, iwapo wachezaji wetu wangekuwa wamezoea, na wanaruhusiwa, kusimama na kueleza mambo yao kwa utulivu.

Nimewahi kuwa mwandishi wa michezo wa redio, na nilisimama mara nyingi kwenye ule mlango wa kutokea pale uwanja wa Mkwakwani, kwa hiyo niruhusiwe kusema neno kuhusu upande wetu. Maswali tunayouliza mara nyingi hayastahili jibu. "Unajisikiaje baada ya kufungwa?" si swali, ni kumbonyeza mtu kidonda. "Mashabiki wanasema umeshuka kiwango, unasemaje?" ni kumrushia mtu tuhuma na kujificha nyuma ya mashabiki. Wakati huohuo ni nadra kumsikia mwandishi akimuuliza kiungo kwa nini timu ilibadili namna ya kukaba baada ya mapumziko, swali ambalo mchezaji angelijibu kwa furaha kwa kuwa linahusu kazi anayoijua. Siku hizi mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu jibu la dakika tatu hukatwa likabaki sekunde saba, zikasambazwa mtandaoni zikiwa na kichwa cha habari ambacho mchezaji hakukisema. Kabla ya kumlazimisha mtu kuingia kwenye chumba hicho, sisi tulio ndani yake tungeanza kwa kukifanya kiwe mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angependa kuingia.

Na watu huzungumza wakipewa nafasi hiyo. Kelvin Kiptum, Mkenya aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alipofariki kwa ajali ya gari Februari 2024, Mkenya mwenzake na bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge alishambuliwa vibaya mitandaoni na watu waliomhusisha na kifo hicho bila ushahidi wowote. Hakuna kanuni iliyomtaka azungumzie jambo hilo. Baada ya miezi michache, alipokuwa tayari, aliketi na BBC akaeleza hofu aliyoipata kwa ajili ya familia yake, na mahojiano yale yaliwafundisha wengi kuhusu ukatili wa mitandao. Angelazimishwa kusema wiki ileile ya msiba, naamini tungepata sentensi mbili za rambirambi na macho yaliyotazama chini.

Riadha, kwa kweli, imepata kipimo kizuri kuliko tenisi. Kwenye Olimpiki mwanariadha akimaliza hutakiwa kupita katika njia iliyopangwa waandishi pembeni, lakini kusimama na kujibu ni hiari yake. Anayetaka husimama, na asiyetaka huinua mkono akaendelea na safari yake. Mtanzania anayekumbukwa duniani kote kwa neno alilolisema, John Stephen Akhwari, hakutozwa faini ili alitamke. Mwaka 1968 jijini Mexico City aliumia goti katika marathoni, akaingia uwanjani wa mwisho, akichechemea na mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuibuka mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Aliulizwa swali la maana na mtu aliyetaka kweli kujua, naye akajibu kwa hiari yake.

Kwa hiyo, Mhariri, ningependa wasimamizi wa ligi watakapozipitia tena kanuni waache faini ilipo sasa, kwenye klabu, na waiongeze makali kwa viongozi wanaojificha. Klabu itakiwe kuleta mchezaji mmoja baada ya kila mchezo, aliyeridhia mwenyewe, na wenzake wapite kwenye njia ya waandishi wakiwa huru kusimama au kutosimama. Daktari wa timu akisema mchezaji hayuko katika hali ya kuhojiwa, neno lake liheshimiwe bila kudai cheti. Zaidi ya yote, kanuni itamke wazi kwamba klabu haiwezi kumwadhibu mchezaji kwa kuzungumza na mwandishi kuhusu mchezo wake, afya yake au malipo yake, maadamu hakutukana mtu wala kutoa siri za kiufundi. Wachezaji wa kigeni waletewe mkalimani. Tuna vijana wengi kutoka Afrika Magharibi wanaozungumza Kifaransa, na ni aibu kuwaona wakitikisa vichwa mbele ya kamera kujibu swali wasilolielewa. Hata mafunzo mafupi ya namna ya kuhojiwa, yakitolewa kuanzia timu za vijana, hayatakuwa na gharama ya kuiogopesha klabu inayomudu kambi ya maandalizi ya msimu nje ya nchi.

Nasubiri kuona kama kuna klabu hata moja itakayounga mkono hicho kifungu cha kutomwadhibu mchezaji anayezungumza.

Msomaji wako,
Mwandishi wa michezo mstaafu, Tanga