Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Midoli Myeupe

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mliponikabidhi kiti hiki, kabati la chama chetu cha wakusanyaji wa midoli ya vinili, ile plastiki iliyolainishwa, lilikuwa limejaa maboksi ya roboti na vyombo vya anga ambayo hayajawahi kufunguliwa. Tukikutana Jumamosi, kila mtu alitoa lake, likapita mkono kwa mkono, kisha likarudi mfukoni na nailoni yake juu. Leo kabati lile lina maboksi machache na linanuka rangi. Hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka, na imenifurahisha kuliko mdoli wowote niliowahi kuununua.

Mnakumbuka mjadala wa mkutano wa kwanza. Hoja ilikuwa kwamba fedha za pamoja zisinunue tena maboksi ya kubahatisha, yale ambayo hujui ndani umepata nani, bali zinunue midoli mitupu, yaani myeupe isiyochorwa, pamoja na rangi na puti. Waliopinga walisema raha ya mchezo huu ni ule mpapatiko wa kufungua. Nawaelewa, hata mimi moyo hunienda mbio. Lakini mpapatiko ule huisha kwa dakika moja, na mara nyingi unabaki na roboti wa tatu anayefanana na wawili ulionao.

Sanaa yetu pia haikuzaliwa ndani ya boksi. Hong Kong, mwishoni mwa miaka ya 1990, wasanii Michael Lau na Eric So walitengeneza midoli wakaivika kama vijana wa mitaa yao, kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2001 Medicom Toy ya Tokyo ikatoa Bearbrick, dubu mwenye mwili uleule kila toleo, sentimita 7 kwa ukubwa wake wa kawaida, na kinachobadilika ni rangi na michoro tu. Kidrobot ya Marekani ikaenda hatua mbele na Munny: mweupe, hana uso, anauzwa ili mnunuzi ammalizie. Huyo ndiye tuliyemchagua. Wengi wetu tulikulia kwenye magari ya waya na vizibo vya soda. Hakuna aliyetupa gari lililokamilika, na hakuna aliyelalamika.

Sasa kazi zenyewe. Iliyonigusa zaidi ni roketi ya dada yetu wa Malindi. Alimng'oa Munny mikono, akamkata masikio, akaziba matundu kwa puti ya epoksi, akakirefusha kichwa hadi kikawa pua. Mwili akaugawa kwa mistari kuwa hatua nne, kama Scout ya kweli, roketi ya Marekani. Ubavuni ameandika UHURU. Kwa wasiojua: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Aliyependekeza jina Uhuru ni Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, shirika la anga la Marekani. Miaka yote nimekuwa nikiagiza vyombo vya anga vya kubuniwa huko Japani na Marekani, na mwenzetu akatukumbusha kwamba cha kweli kiliondokea upeo wa macho wa nyumbani kwao. Naomba roketi hii isiuzwe. Ibaki ya chama.

Kijana wetu wa Likoni alimchukua roboti wa Android, nembo ya mfumo wa simu wa Google, yule mdoli wa inchi 3 aliyetengenezwa na msanii Andrew Bell, akamvalisha jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa kama mfanyakazi wa feri. Aliniuliza kama atashtakiwa. La: Google iliuweka huru mchoro wa roboti yule, mtu anaweza kuubadilisha mradi ataje asili yake. Si kila mdoli uko hivyo, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kuuza nakala.

Wale wa kujenga na kubomoa wamejikita kwenye Glyos, mfumo wa midoli ya vipande vya kuchomoa na kuunganisha kutoka kampuni ya Onell Design. Viungo vyake vina kipimo kimoja, na watengenezaji wengine wanakifuata kipimo hichohicho, hivyo mguu wa roboti huyu unaingia kwenye bega la yule, na ukiwa na subira unapata chombo cha anga kizima. Meza yao ndiyo yenye kelele kuliko zote.

Lazima niseme pia kilichoharibika. Roboti watatu, mmoja wangu, bado wananata hadi leo. Tuliwapulizia rangi ya mafuta ya kopo, ile ya mageti. Vinili peke yake ni ngumu. Hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo hupanda polepole hadi juu zikaizuia rangi ya namna ile kukauka. Nilipaswa kuuliza kabla ya kuwaongoza wenzangu, na nawaomba radhi wenye roboti wale wawili. Utaratibu wetu sasa ni huu: mdoli uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili mafuta ya kalibu, yaani chombo ulimoumbiwa, yatoke, upigwe msasa laini, upakwe rangi ya akriliki tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke, ndipo vanishi. Kiungo kikigoma usikivunje. Kipashe moto kwa drayer ya nywele, kitatoka chenyewe. Ndivyo mafundi wa Japani wanavyofanya tangu mwanzo: hupika vinili ndani ya kalibu ya chuma, kisha huivuta nje kwa koleo ingali ya moto, hata kupitia tundu dogo kuliko mdoli wenyewe.

Joto hilohilo ndilo adui yetu hapa pwani. Roboti mwembamba wa miguu akiachwa dirishani ataanza kuinama, na mweupe akipigwa na jua atageuka manjano. Wekeni kivulini, na vinili isigusane na vinili nyingine kwa miezi.

Kuhusu bandia: mwenzetu mmoja aliuziwa Bearbrick wa uongo kwa bei ya kweli. Tazameni mishono ya kalibu, ukali wa chapa na maandishi ya mgongoni, na bei ikiwa ya ajabu, leteni picha kwanza kwenye mkutano.

Mwakani napendekeza kila mwanachama apewe Munny mmoja, mada iwe moja, vyombo vya anga, na tufanye maonyesho ya wazi watoto waruhusiwe kushika. Najua wengine hamtaki mikono ya watoto. Mimi naitaka, na nitaipigia kura.

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Mikono na masikio yote yaliyong'olewa mwaka huu yamo kwenye mkebe wa biskuti kwa katibu. Anayehitaji mkono wa kushoto amwone leo, imebaki miwili.