Barua kwa Sahibu Aliyeona Moshi

Sahibu yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu nyingi, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, kwa kuwa malalamiko yako ndiyo yale yale niliyokuwa nayo mimi usiku wa kwanza nilipoinamia darubini. Unasema kwamba kwa miezi kadhaa ulikuwa ukizitazama picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, zenye wekundu wa makaa na samawati ya bahari, hatimaye ukaazima darubini, ukasubiri usiku usio na mwezi, ukailenga nebula iliyo kwenye upanga wa kundinyota la Jabari (Orion), na ulichokiona ni moshi mdogo wa kijivu, mfano wa pumzi ya mtu iliyoganda juu ya kioo. Kisha ukaandika neno zito: "Tumedanganywa." Naomba uniruhusu nizitetee picha hizo, ingawa mbele kidogo nitakukubalia kwamba zina hila zake, ila hila hizo haziko pale unapozitafuta.

Kwanza nakuomba ulisamehe jicho lako. Jicho la mwanadamu lina seli za aina mbili zinazopokea nuru: zile zinazotambua rangi, ambazo huhitaji mwanga wa kutosha, na zile zinazofanya kazi gizani, ambazo hazijui rangi hata moja. Ulipokuwa ukiitazama nebula, zile za kwanza zilikuwa zimelala. Isitoshe, jicho haliweki akiba. Hupokea nuru kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, hupeleka habari kwenye ubongo, kisha huanza upya, kama mtu anayekinga manyunyu ya mvua kwa kiganja na kukimwaga kila mara kabla hakijajaa. Kamera huweka ndoo na kuondoka. Henry Draper wa Marekani alilithibitisha hilo tarehe 30 Septemba 1880, alipoipiga nebula hiyo hiyo ya Jabari picha ya kwanza ya nebula kupata kupigwa duniani, akiiacha nuru idondoke juu ya bamba lake la picha kwa dakika 51. Na mwezi Desemba 1995 darubini ya Hubble, ile inayoizunguka Dunia huko juu angani, ilielekezwa kwa siku 10 kwenye kipande kidogo sana cha anga katika kundinyota la Dubu Mkubwa, mahali palipoonekana patupu kabisa, ikapiga picha 342. Zilipounganishwa, patupu pale palikuwa na galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zipatazo 3,000. Hakuna jicho, hata la kipanga, ambalo lingefika huko kwa kukodoa.

Huenda unajiambia kwamba kama ungeweza kusafiri hadi karibu na nebula ya Jabari, umbali wa miaka nuru ipatayo 1,300 (mwaka nuru ni masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka mmoja), basi ungeziona rangi zote zikiwaka mbele yako. Samahani, nako huko ungesikitika. Kitu kilichotanda hakizidi kung'aa kwa kukikaribia: nuru yake huongezeka, lakini nayo nafasi inayoijaza machoni pako huongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kila sehemu yake hubaki hafifu kama ilivyokuwa. Ungezungukwa na moshi ule ule wa kijivu, ila mkubwa kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako ndiko hasira yako ilikoelekea. Wekundu wa nebula ya Jabari upo kweli. Gesi ya hidrojeni, inapochokozwa na nyota changa zenye joto kali, hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na bahati mbaya yetu ni kwamba zile seli za gizani karibu haziuoni wekundu huo. Huziona vizuri zaidi rangi zilizo kati ya kijani na samawati, na ndiyo maana watazamaji wenye darubini kubwa huapa kwamba nebula hiyo ina ukijani kidogo. Hawasemi uongo: ni nuru ya oksijeni, yenye nanomita 501. Nuru hiyo ina kisa chake. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliipitisha nuru ya nebula moja ya kundinyota la Joka kwenye mche wa kioo, akitarajia kuona upinde wa rangi zote kama ule wa nyota, akakuta mistari michache tu iliyosimama peke yake. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba baadhi ya nebula ni gesi tupu, wala si nyota nyingi zilizo mbali mno kutenganishwa. Lakini mstari wa kijani haukufanana na wa kitu chochote kilichojulikana maabara, hata ikadhaniwa ni elementi mpya, ikapewa jina la nebulamu, na ikaishi kwa jina hilo hadi mwaka 1927, Ira Bowen alipoonyesha kwamba ilikuwa oksijeni tu, iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba kuliko ombwe lolote tunaloweza kulitengeneza. Nakusimulia haya ili uone kwamba mbinguni rangi ni jina la kitu. Aliyejua kuisoma rangi alijua gesi gani inawaka, na katika hali gani.

Ndipo tunapofika kwenye ile picha uliyoitaja kwa jina, ya nguzo tatu za vumbi katika nebula ya Tai, iliyopigwa na Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na Jeff Hester na Paul Scowen. Unasema umesoma kwamba rangi zake "zilipakwa", na kwamba hilo lilikuvunja moyo. Ukweli ni kwamba kamera za darubini kubwa hazipigi picha za rangi. Hupiga picha nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, kila moja kupitia chujio linaloruhusu kipande kidogo cha nuru. Hester na Scowen walitumia machujio matatu: la salfa, la hidrojeni na la oksijeni. Sasa fikiri nawe. Nuru ya salfa ni nyekundu, nanomita 672, na ya hidrojeni ni nyekundu vilevile. Wangezionyesha zote mbili kwa rangi zake za asili, zingechanganyika kama maziwa ndani ya maziwa, na hakuna ambaye angejua salfa inaishia wapi na hidrojeni inaanzia wapi. Kwa hiyo wakaipa salfa rangi nyekundu, hidrojeni kijani, na oksijeni samawati, wakifuata mpangilio wa mawimbi yenyewe, kutoka refu hadi fupi. Umbo la nguzo, mwanga wake na kivuli chake ni vya mbinguni. Lugha ya rangi ndiyo iliyochaguliwa hapa chini. Mimi nauita huo ufasiri, na mfasiri mwaminifu haitwi mwongo kwa kuwa maneno yake si yale ya asili. Nakubali, hata hivyo, kwamba wako wafasiri wapendao chumvi, hasa wale wanaokoza rangi mpaka nebula ifanane na kitambaa cha sherehe, na hao siwatetei.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imelikuza swali hilo zaidi, kwa sababu kioo chake cha mita 6.5 hukusanya hasa mionzi ya infraredi, ambayo jicho letu haliioni hata kidogo. Je, uonyeshe kwa rangi gani kitu kisicho na rangi? Wataalamu wake hufanya kama mpiga ala anayepandisha wimbo uliotungwa kwa sauti nzito mno, ili masikio yausikie: wimbi refu huwa nyekundu, fupi huwa samawati, na nafasi kati ya sauti na sauti haivurugwi. Malipo yake ni makubwa. Nguzo zile zile za nebula ya Tai zilipotazamwa na Webb mwaka 2022, vumbi lililokuwa ukuta mbele ya Hubble lilionekana kama pazia jepesi, na nyuma yake na ndani yake nyota zikajaa, nyingine changa mno zikiwaka kwa wekundu kwenye ncha za nguzo.

Nilikuahidi kukiri hila za picha. Ya kwanza ni ndogo: ile miali yenye ncha inayotoka kwenye nyota, minne katika picha za Hubble na minane katika za Webb, haimo katika nyota yoyote, bali husababishwa na vyuma vinavyoshikilia kioo kidogo kilicho mbele ya kioo kikuu cha darubini na, kwa Webb, na kingo za kioo kikuu pia. Hila kubwa, ambayo mimi ilinichukua muda kuigundua, ni kwamba picha haina kina. Chukua kundi la galaksi tano linaloitwa kwa jina la Édouard Stephan, aliyeligundua mwaka 1877. Katika picha zinaonekana kama ndugu waliobanana wapigwe picha ya ukumbusho, na wanne kati yao kweli wanakaa pamoja, umbali wa miaka nuru ipatayo milioni 290. Huyo wa tano yuko umbali wa miaka nuru ipatayo milioni 40 tu. Ni mpita njia aliyekatiza mbele ya kamera. Hakuna rangi iliyopakwa hapo, kila kitu ni halisi, na bado jicho hudanganyika kabisa. Hivyo ndivyo pia ilivyo kwa ukubwa: nguzo moja ya nebula ya Tai ina urefu wa takriban miaka nuru 4, karibu sawa na safari kutoka Jua hadi nyota iliyo jirani yake, na galaksi nzima huchapwa kwa upana ule ule wa ukurasa. Ukitaka kuitilia shaka picha, anza na hapo.

Fungunyota, yaani kundi la nyota zinazokaa pamoja, halina ugomvi mwingi wa aina hiyo, na nadhani ndilo ungepaswa kuanza nalo badala ya nebula. Kilimia, kilicho umbali wa miaka nuru ipatayo 440, hukuonyesha nyota sita au saba kwa macho matupu, na darubini ndogo hukuonyesha makumi. Weupe wake wenye usamawati hauhitaji mfasiri, kwani ni rangi ya joto la nyota zenyewe. Katika picha utaona pia ukungu wa samawati umezifunika. Zamani ilidhaniwa ni mabaki ya gesi iliyozizaa. Sasa inajulikana kwamba ni vumbi la njiani, wingu ambalo Kilimia kimekutana nalo tu katika mwendo wake, na linang'aa kwa sababu vumbi hutawanya samawati kuliko nyekundu.

Kabla hujairudisha darubini kwa mwenyewe, rudi kwa Jabari mara moja zaidi. Kaa gizani nusu saa nzima bila kuangalia simu, kisha usiitazame nebula katikati. Tazama mahali palipo pembeni yake kidogo, kwa kuwa seli za gizani zimejaa zaidi pembezoni mwa jicho. Moshi wako utafungua mbawa mbili. Katikati yake tafuta nyota nne zilizokaribiana sana, kwani mojawapo ya hizo, ile inayong'aa kupita wenzake, ndiyo inayoliwasha sehemu kubwa ya wingu lile zima. Niandikie kama umezihesabu zote nne, au kama ya nne imekukataa.

Wasalaam,
akupendaye, sahibu yako wa siku zote