Barua ya wazi kwa wadogo zangu mliotoa figo na sasa hedhi inakata

Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea, lakini leo nimekuja kugomba.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa msibani Mbagala, tumekaa uani tunachambua mchele, mwenzetu mmoja aliyempa mwanawe figo miaka sita nyuma akaanza kutokwa jasho kama kamwagiwa ndoo. Tupo kivulini na upepo unapiga, yeye anafunua khanga, anafunika, anafunua tena. Ana miaka 51. Akaninong'oneza, dada mimi usingizi sina, usiku nabadilisha shuka mara mbili, magoti na vidole vinauma, na baba watoto akinikaribia namwona adui. Nikamuuliza umeenda hospitali? Akasema nilienda, nikauliza habari za homoni za kutuliza shida za hedhi kukoma, nikaambiwa mama wewe una figo moja, homoni sahau kabisa, utajimaliza. Kisha akafungua pindo la khanga akatoa karatasi ya vidonge, saba vimeshaliwa vimebaki vitatu. Diklofenaki, dawa ya maumivu! Mwanzo kaandikiwa za siku tano kwa ajili ya viungo, zilipoisha akaona zinamsaidia, tangu Ramadhani anajinunulia mwenyewe duka la dawa la mtaani, asubuhi kimoja jioni kimoja.

Niliishika ile karatasi nikaishiwa maneno, na mnaonijua mnajua maneno siishiwi ovyo.

Hebu angalieni mambo yalivyopinduka. Alichonyimwa, figo moja iliyo nzima peke yake haimkatazi. Alichoachiwa ameze kama karanga ndicho kinachoiumiza figo. Figo ina mshipa wake unaoiletea damu, na mwili una kemikali inayoufanya ule mshipa ukae wazi, sasa diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na ukoo wao wote zinaizima hiyo kemikali, mshipa unabana, figo inakosa damu ya kutosha. Mwenye figo mbili anaweza asione kitu. Wewe uliyebaki nayo moja, ikiguswa hakuna mwenzake wa kuipokea kijiti. Na msinidanganye ati sikumeza nilichomwa sindano, sindano ya maumivu ya makalioni mara nyingi ni hiyo hiyo diklofenaki! Ukienda kung'oa jino sema una figo moja, ukiteguka mguu sema, mwanao akikuletea dawa ya mgongo kutoka safari isome jina kwanza. Kwa maumivu muulize daktari habari za parasetamo na usizidishe kipimo. Mimi nimeandika kwenye kikaratasi, nimekiweka pamoja na kadi ya bima, kwamba nina figo moja, dawa za ukoo ule nisipewe. Mwuzaji wa dukani alikisoma akacheka, sikucheka.

Mimi nilitoa yangu 2008, nikampa kaka yangu, tukaenda mpaka India maana hapa nyumbani Tanzania upandikizaji ulikuwa haujaanza, hospitali ya Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017. Hedhi ilikata nikiwa na miaka 50. Nilisota mwaka mzima nikidhani nina malaria isiyoonekana kwenye kipimo. Daktari aliyenisaidia, Mungu amlinde, hakuanza na figo wala hakuanza na hapana. Alipima presha mara tatu, akapima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, akapima mkojo kama una protini, akanishika matiti, akauliza kama nimewahi kupata damu kuganda mguuni, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, kama natokwa na damu isiyojulikana chanzo, kama kuna kansa ya matiti. Hayo ndiyo maswali yanayoamua. Figo ikiwa imeshashuka, au mkojo una protini, au presha imegoma, hapo mazungumzo yanabadilika na daktari wa figo lazima awemo. Lakini kusema tu "una figo moja" halafu ukafunga faili, huo ni uvivu.

Akaniandikia estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma, ya jeli, ya kupaka pajani. Sababu aliyonipa ni kwamba kidonge ukimeza kinapita kwanza kwenye ini na kuliamsha litengeneze vitu vya kugandisha damu, na wengine kinawapandishia presha, ila ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi inaingia moja kwa moja kwenye damu, hatari ya kuganda inakuwa ndogo. Na kwa kuwa kizazi changu kipo, akaniongezea projesteroni usiku, maana estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta kansa yake. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hahitaji hiyo ya pili. Kuna vidonge vingine vina homoni inaitwa drospirenoni, hiyo inaweza kupandisha potasiamu, chumvi ya damu inayotolewa na figo, kwa hiyo ukiandikiwa vidonge soma boksi na uulize. Jeli yenyewe niliizungukia Kariakoo maduka manne, na bei ilinichoma kweli.

Kansa je? Najua ndiyo mnayoiogopa. Hofu hii ilitoka Marekani 2002, walisimamisha utafiti mkubwa wa wanawake, habari ikatembea dunia nzima kwamba homoni ni kansa, basi. Wale mama wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi hedhi ilishakata zamani, na walikuwa wanameza vidonge vya estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi jike pamoja na projestini, yaani mfano wa projesteroni uliotengenezwa maabara. Ongezeko la kansa ya matiti lilikuwa kama watu 8 katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Ni watu, siwadharau. Ila kwa waliotolewa kizazi wakapewa estrojeni peke yake, kansa hiyo haikuonekana kuongezeka. Ndiyo maana leo madaktari wanaangalia sana kama hujafika 60 au hujapita miaka kumi tangu hedhi ikome. Ukianza na 70, hiyo ni habari nyingine.

Mengine nayataja haraka. UTI zinazojirudia baada ya hedhi kukoma, ulizeni estrojeni ya kuweka ukeni, ni kidogo, haizunguki sana mwilini, na inapunguza hizo UTI. Kalsiamu ya vidonge msijimezee, vijiwe kwenye figo moja ni balaa. Mizizi ya kusafisha kizazi na unga usio na jina, hapana. Presha pimeni hata kama hamuumwi kichwa. Kreatinini na mkojo kila mwaka, hata kama hakuna aliyewaita.

Na hakuna atakayewaita, hapa ndipo roho inaniuma. Aliyepokea figo ana kliniki, ana faili nene, ana siku yake. Aliyetoa alipewa maua na soda, akaambiwa Mungu akuzidishie, faili likafungwa. Ndugu wakinipigia simu kuuliza figo inaendeleaje wanamaanisha ile iliyoondoka. Na wanaotoa wengi ni sisi wanawake, mama kwa mtoto, mke kwa mume, dada kwa kaka, halafu miaka ikienda yule yule aliyetoa kiungo anaona aibu kusema halali usiku, kwa sababu kukoma hedhi ati ni mambo ya bibi, vumilia. Tumevumilia mangapi jamani?

Yule wa Mbagala nilimpeleka mwenyewe. Kreatinini ilikuwa imepanda, na presha juu. Akaacha vidonge, baada ya wiki kadhaa kipimo kikarudi karibu na cha zamani. Homoni bado hajaanza, daktari kasema presha itulie kwanza ndipo wazungumze kibandiko, na mimi nimeona kasema vizuri. Jana alikuja kwangu, khanga bado anafunua na kufunika, analalamika joto toka alipoingia mlangoni. Pindo nimelikagua. Kuna nauli ya daladala tu.