Kabla ya handaki, pimeni ngazi

Mhariri,

Kila foleni ya magari inapokaza Makupa, hakosekani mtu wa kusema Mombasa ichimbiwe treni ya chini ya ardhi kama ya Cairo, iliyofunguliwa 1987. Gharama ya handaki ina wajuzi wake. Mimi nina neno juu ya kituo, maana abiria hukwama kwenye ngazi hata kabla hajaiona treni.

Wapangaji wa vituo vya London huhesabu hivi: ngazi za kawaida, kwa kila mita moja ya upana, hupitisha watu 35 kwa dakika wakielekea upande mmoja. Wakipishana, idadi huporomoka hadi 28. Ngazi moja nzima ya umeme huhesabiwa 100. Sasa chukua treni inayoshusha watu 600 penye ngazi moja tu ya mita mbili, huku wengine wakiteremka: ni 56 kwa dakika kwa pande zote mbili, karibu dakika 11 au zaidi mpaka jukwaa liwe tupu. Treni zikipishana dakika tano, kundi la pili hulikuta la kwanza bado limesimama, na la tatu halina pa kukanyaga. Marumaru ya kung'aa hayasaidii kitu hapo.

Dawa ni kumtenga anayeshuka na anayepanda. Barcelona, baadhi ya vituo vina majukwaa kulia na kushoto kwa treni: hufunguliwa kwanza milango ya upande mmoja watu washuke, kisha ya upande wa pili wengine waingie. Aliyewahi kuvuka Likoni kwa feri saa moja asubuhi hahitaji kuelezwa faida yake.

Lifti ziwe mbili. Moja ikiwa mikononi mwa mafundi, mwenye kiti cha magurudumu asibaki chini.

Kisiwani petu, maji ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Singapore huinua milango ya vituo juu ya usawa wa barabara: abiria hupanda kidogo ndipo ateremke, na mvua haipati njia ya kumiminika ndani. Lakini pembeni mwa vidato hivyo lazima pawe na mteremko, la sivyo kinga ya mafuriko itamfungia nje mlemavu. Na hewa ya chumvi hula chuma. Ngazi ya umeme ya mlangoni isiyo na paa haitadumu.

Kuna pia vigae vya wasioona, vyenye alama zilizoinuka za kupapaswa kwa mguu au fimbo, vilivyoanza kutandazwa Okayama, Japani, mwaka 1967. Vinundu vya duara humwambia simama au tahadhari. Mistari mirefu, endelea. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kumwelekeza mtu relini.

Hesabu hizi hazichagui juu wala chini ya ardhi. Kwa hivyo michoro ya stesheni au gati lolote jipya ikitolewa kwa wananchi, naomba ioneshe upana wa kila ngazi kwa mita na idadi ya abiria wa saa ya msongamano, tuhesabu wenyewe kabla saruji haijamwagwa.

Mhandisi,
Tudor, Mombasa